Naombeni ushauri: siku 5 Avignon na mama mzazi, miji gani ya zamani ya jirani nisiikose?

Kipepeo_Mbeba_Mabegi

Wakuu habari za humu. Mimi, mama yangu mzazi na mdogo wangu wa kike tunaenda kusini mwa Ufaransa mwezi wa tisa, ile wiki ya tatu. Viza tunazo na tiketi za ndege zimeshalipwa kwahiyo hapo hakuna cha kunishauri tena 😂 Tutafika Avignon Alhamisi jioni kwa treni ya kasi kutoka Paris na tunaondoka Jumatano asubuhi na mapema. Ina maana siku nzima ninazo tano, Ijumaa mpaka Jumanne. Hoteli iko ndani ya kuta za mji wa zamani.

Nimekaa na ramani usiku kucha nikatoka na hii:

Ijumaa: Nîmes, Pont du Gard, Uzès
J'mosi: Gordes, Roussillon, abasia ya Sénanque (mama anataka picha kwenye lavenda), Fontaine-de-Vaucluse
J'pili: Arles, Les Baux, Saint-Rémy
J'tatu: Carcassonne na Albi, kwenda na kurudi
J'nne: Avignon yenyewe, jumba la mapapa

Mama ana miaka 67, goti la kushoto linamsumbua, ngazi anapanda ila kwa kituo. Ni Mkatoliki wa kweli kweli na tangu asikie mapapa waliwahi kuishi nje ya Roma hajalala, anataka aone kwa macho yake. Mdogo wangu yeye ni masoko na picha tu. Mimi napenda historia, mawe ya zamani naweza kuyaangalia hata lisaa.

Leseni ninayo lakini sijawahi kuendesha upande wa kulia wa barabara hata siku moja. Sasa swali: nikodi gari siku zote tano au treni na mabasi vinatosha? Na hapo juu nipunguze nini, maana mdogo wangu ameiangalia hiyo ratiba akasema "dada hii ni safari au mbio za mwenge". Nawasilisha.

Mzee_wa_Reli

Binti yangu, mdogo wako ana akili sana, msikilize.

Niliishi Nîmes miaka mitatu kikazi, sikuwa na gari, wikiendi zote nilizimalizia kwenye vitreni vya mkoa na mabasi, kwahiyo nakwambia kitu ambacho ramani haikwambii. Kule vijijini kwenda siyo kazi, kazi ni kurudi. Wewe umepanga unafika wapi saa ngapi. Pindua hiyo karatasi, anza na basi la mwisho la kurudi halafu hesabu kinyumenyume, ndipo utajua una masaa mangapi ya kukaa mahali. Utakuta kuna sehemu unapata masaa sita na nyingine unapata dakika arobaini.

Nikupe langu la aibu. Jumamosi moja nilienda Uzès sokoni. Ratiba nilikuwa nimeipiga picha kwenye simu, nimeona kabisa kuna basi la 18h10, nikakaa zangu pale Place aux Herbes chini ya matao nakunywa kahawa kama tajiri. Nafika kituoni, kimya, mimi na paka mmoja. Nakuza ile picha naona juu ya ile safu kuna kiherufi kidogo, na chini kabisa ya ukurasa maelezo yake: basi hilo linatembea siku za shule tu. Mabasi mengi ya mikoani kule yamepangwa kufuata wanafunzi, kuna ratiba ya kipindi cha shule, ratiba ya likizo, na Jumapili na sikukuu ni mengine kabisa au hakuna. Hela niliyompa mtu wa taksi siku ile ningekula vizuri siku mbili. Kosa lilikuwa langu, maandishi yalikuwepo.

Sasa ratiba yako. Avignon, Nîmes na Arles ni kama pembetatu ya treni, kila upande ni dakika 20 hadi 40 kutegemea umepanda ipi. Hizo treni za mkoa zinaitwa TER, hauhitaji kubuku siti na bei haipandi ukichelewa kununua, unaamka, unaangalia mbingu, unaondoka. Hapo gari la nini?

Ila mtego uko kwenye stesheni. Avignon ina mbili, Avignon TGV iko nje ya mji ndiko mtakakoshukia, halafu mnachukua katreni ka dakika kama tano mpaka Avignon Centre ambayo iko mkabala na kuta za mji. Na Nîmes nayo ina mbili. Ile ya pili imefunguliwa mwishoni mwa 2019 na inaitwa Nîmes Pont-du-Gard, usije ukadanganyika na hilo jina ukashuka ukitegemea kuona daraja, iko kule Manduel mashambani, daraja bado kilomita kibao. Nimeshakutana na watu pale wamesimama na kamera shingoni wanatafuta daraja.

Pont du Gard nenda kwa basi, kutoka Avignon au kutoka Nîmes yote yapo. Na mama ataliweza, njia kutoka mapokezi mpaka darajani ni tambarare. Mnatembea kwenye daraja la pembeni la karne ya 18 lililobandikwa kwenye lile la Warumi, huku mmeinua shingo. Lina ghorofa tatu za matao, urefu kwenda juu karibu mita 49, mawe mengine yana uzito wa tani sita na yamekaa bila chokaa wala saruji, kilichoyashika ni uzito wao wenyewe. Lilikuwa linabeba mfereji wa maji kutoka chemchemi za Uzès mpaka Nîmes, kilomita kama 50, na mteremko wa safari yote hiyo hauzidi mita 17. Mimi nimefanya kazi na mabomba miaka mingi, hiyo hesabu ikinijia nanyamaza tu. Sogea karibu na mawe uangalie, kuna majina na alama za nyundo yamechongwa, ni mafundi waashi wa karne zilizopita waliokuwa wanapita pale kujifunza na kila mmoja akaacha saini yake.

Carcassonne na Albi siku moja kutoka Avignon, hapana. Futa.

usukani_wa_dada

Shikamoo Mzee wa Reli, kwenye pembetatu nakubaliana na wewe ila Luberon, kule kwenye vijiji vya vilimani, bila gari ni adhabu. Gordes, Roussillon, Bonnieux, Lacoste, Ménerbes, hivyo vijiji vimekaa kila kimoja juu ya kilima chake vinaangaliana kama majirani waliogombana, kwa macho ni karibu, kwa basi ni siku nzima.

Dada Kipepeo ushauri wangu: usikodi siku tano, gari litalala nje ya kuta za Avignon unalilipia maegesho bure. Kodi siku mbili tu, Jumatatu na Jumanne, chukua pale pale Avignon TGV maana kampuni nyingi ziko hapo. Usiweke kuchukua Jumapili, ofisi nyingi zinafunga, na hata siku za kazi angalia kama hawafungi mchana.

Mambo ya kuzingatia kwa mtu wa kwetu tuliozoea kushoto:

Gari la oto libuku mapema sana, mengi kule ni ya gia za mkono, na kubadili gia kwa mkono wa kulia huku unajifunza upande mpya na mama nyuma anasali rozari siyo utani. Kadi iwe ya mkopo na iwe na jina la dereva. Leseni kama siyo ya nchi za Umoja wa Ulaya na haijaandikwa kwa Kifaransa, beba na leseni ya kimataifa au tafsiri rasmi, bila hiyo unaweza kunyimwa funguo mezani.

Kipilefti za kule ni kipiraiti 😂 unazunguka kinyume na tulivyozoea, aliyeko ndani ndiye mwenye haki. Na kuna kanuni moja itakutoa jasho: ndani ya vijiji, mahali ambapo hakuna kibao wala mstari, gari linalotoka kulia kwako lina haki ya kupita kwanza, hata kama linatoka kwenye kichochoro kama cha mbuzi. Mimi siku ya kwanza nilipigiwa honi na bibi kizee mwenye kigari kidogo mpaka nikaona aibu.

Kingine usiingie na gari katikati ya kijiji hata kama simu inakwambia pinda hapa. Simu haijui upana wa gari lako. Nilifuata simu kijiji kimoja nikajikuta kati ya kuta mbili, vioo nimevikunja, mdogo wa mwenye nyumba katoka dirishani ananielekeza kwa mikono, nyuma kuna gari mbili zinasubiri. Paki kwenye maegesho ya mlangoni, mengi ya kulipia, tembea dakika tano.

Lavenda: pole kwa mama. Inachanua mwishoni mwa mwezi wa sita mpaka mwezi wa saba, baada ya hapo wanaivuna. Mwezi wa tisa pale Sénanque mtakuta mistari ya vichaka vya kijani kijivu vimenyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Lakini msiache kwenda, ile abasia ni ya mwaka 1148, ya Wasistersia, na watawa bado wanaishi na kusali humo. Ndani hakuna pambo hata moja, ni jiwe na mwanga tu. Kwa mama Mkatoliki ataona kitu kuliko lavenda. Mvae vizuri mabega yafunikwe na sauti chini.

Roussillon ndiyo kijiji chekundu, nyumba zimepakwa rangi ya udongo wa pale pale, walikuwa wanauchimba na kuuza mbali kwa ajili ya rangi. Kuna njia ya kutembea ndani ya machimbo ya zamani, kiingilio ni euro chache. Ina ngazi, mama mwacheni kibarazani na glasi ya juisi akiangalia watu. Na msivae nyeupe!!! Soksi zangu nimezifua mara tatu, mpaka leo zina rangi ya chungu.

Ngome52

Mimi nimekuja kuitetea Carcassonne kabla haijazikwa hapa, ingawa kwa uchungu nakubali, dada iache safari hii. Kutoka Avignon ni zaidi ya masaa mawili ya treni kwenda tu, na Albi haiko njiani kama inavyoonekana kwenye ramani, kwa treni inabidi upite Toulouse. Hiyo ni safari ya Toulouse, siyo ya Avignon. Siku ukirudi, lala Toulouse usiku nne, Carcassonne ni chini ya lisaa kidogo au lisaa, Albi lisaa limoja upande wa pili.

Na ukienda Carcassonne usifanye kosa la watu wengi la kufika saa tano asubuhi na mabasi ya watalii na kuondoka saa kumi. Kuingia ndani ya ngome ni bure, unalipia kasri ya wakuu na kutembea juu ya kuta. Lala huko, subiri saa moja jioni mabasi yakiondoka, uone minara 52 na kuta mbili zimezungukana mmebaki nyie na mbayuwayu. Ndiyo maana nimejiita hivi.

Halafu kuna utamu wa ubishi pale. Hizo paa zilizochongoka kama kofia ya mchawi ni za karne ya 19, msanifu Viollet-le-Duc alianza kuikarabati mwaka 1853 akaweka paa za mawe meusi ya bamba, wataalamu wakamjia juu kwamba hizo ni za kaskazini, kusini tunaezeka vigae vyekundu. Kwahiyo unayoiona ni ngome ya zamani iliyovalishwa na mtu wa karne ya 19. Kuna wanaosema ni feki. Mimi nasema bila huyo bwana leo tungekuwa tunapiga picha kifusi, maana serikali ilishataka kuibomoa.

Albi nayo ni kwa ajili ya mama siku nyingine: kanisa kuu la Mtakatifu Sesilia, lote matofali ya kuchoma, lilianza kujengwa 1282, kwa nje ni boma la vita siyo kanisa. Lilijengwa baada ya vita vya msalaba vya 1209 mpaka 1229 dhidi ya Wakathari, Wakristo waliokuwa wanafuata imani yao tofauti na Roma, kwahiyo maaskofu walitaka kila anayepita mtoni ajue nani mwenye mji. Ndani kuna mchoro mkubwa wa hukumu ya mwisho, na katikati yake, pale ambapo angekaa Yesu hakimu, hayupo, walitoboa ukuta mwishoni mwa karne ya 17 kuingia kwenye kikanisa. Yaani hukumu imebaki bila hakimu, nilicheka mwenyewe kanisani nikajificha nyuma ya nguzo.

Mbadala wako wa ngome kwa safari hii ni Aigues-Mortes. Unapanda treni Nîmes, haifiki lisaa, mji mzima uko ndani ya ukuta wa mraba kama boksi, na ni tambarare kama sinia, goti la mama halina kesi. Mfalme Louis wa tisa hakuwa na bandari yake mwenyewe Mediterania ndiyo akajenga pale kwenye mabwawa, akaondokea hapo kwenda vita vya msalaba 1248 na tena 1270, ya pili hakurudi hai. Kuna mnara unaitwa Constance ambako baadaye walifunga wanawake Waprotestanti. Mmoja, Marie Durand, aliingia 1730 akiwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, kosa lake kubwa ni kaka yake kuwa mchungaji, akatoka 1768. Miaka 38. Kwenye jiwe la sakafu kuna neno moja limechongwa, wanasema ni yeye, maana yake usikubali, shikilia. Mnara una ngazi za kuzunguka, mama akae chini, wewe panda.

Kipepeo_Mbeba_Mabegi

Jamani nimecheka na kulia kwa pamoja. Lavenda nimemwambia mama, amenuna dakika kumi halafu akasema "kwani watawa wanaimba saa ngapi". Kwahiyo Sénanque imebaki.

Maswali matatu. Moja, jumba la mapapa lina ngazi nyingi? Mbili, nichague Nîmes au Arles kama siku ni moja? Tatu, kuna mtu kaniambia hiyo wikiendi kuna sherehe ya majengo ya zamani, ni kweli?

Mzee_wa_Reli

Ni kweli, wikiendi ya tatu ya mwezi wa tisa ni siku za urithi wa kihistoria, Ufaransa nzima. Majengo mengi yanakuwa bure au bei ya chini, na mengine ambayo kawaida yamefungwa, nyumba za serikali, vyumba vya juu vya makanisa, yanafunguliwa hizo siku mbili tu. Uzuri ndio huo, ubaya ni foleni. Kwahiyo Jumamosi na Jumapili msiende kwenye majumba makubwa, nendeni miji midogo muone kinachofunguliwa.

Jumba la mapapa lina ngazi, sikudanganyi, ukumbi mpaka ukumbi, kupanda na kushuka. Nendeni mlango unapofunguliwa asubuhi, mama akiwa na nguvu na kukiwa hakuna watu wa kumsukuma. Ila mwandae, humo ndani hamna vitanda vya dhahabu. Mapapa saba walikaa Avignon kuanzia 1309 mpaka 1377, wote Wafaransa, samani zote zilishaondoka, baadaye likawa hata kambi ya jeshi, askari wakabandua michoro ukutani. Unachoona ni ukubwa. Kuta kama za gereza, kumbi unazoweza kuegesha ndege. Wanakupa kishikwambi kinachokuonesha chumba kilivyokuwa zamani, mdogo wako atakifurahia. Daraja lililokatika liko pale chini mtoni, matao yalikuwa 22 yamebaki manne, mto Rhône umeyala mengine.

Nîmes au Arles, mimi ni wa Nîmes kwahiyo sina haki ya kujibu, lakini nitajibu. Uwanja wa Warumi Nîmes umekamilika zaidi, na hekalu la Maison Carrée liko zima kabisa kama limejengwa juzi, wameliingiza urithi wa dunia 2023. Na mji una nembo ya mamba amefungwa kwenye mtende, utamkuta kwenye vibati vya shaba vilivyogongewa chini barabarani. Mamba wa wapi Ufaransa? Ni sarafu za Warumi zilizogongwa pale kukumbuka walivyoiteka Misri. Mama mwambie ahesabu mamba.

usukani_wa_dada

Arles! Samahani Mzee, Arles. Kwa watu watatu hawa Arles ina kila mmoja wao. Mama anapata kanisa la Mtakatifu Trophime, mlango wake wa mawe wa karne ya 12 watakatifu wamepangwa mstari huku na huku, anaweza kukaa kwenye ngazi za uwanja mbele yake nusu saa hajamaliza kuwasoma. Mdogo mtu anapata rangi, ni pale Van Gogh alikaa kuanzia mwezi wa pili 1888 zaidi ya mwaka mmoja, akachora picha zaidi ya mia mbili, akajikata sikio hapo hapo. Tahadhari tu msitegemee kukuta lundo la picha zake, ziliondoka zote zikaenda dunia nzima, mtakuta sehemu alizosimama na chache za kuazima. Na wewe una uwanja wa Warumi na makaburi ya Alyscamps. Yote kwa miguu kutoka stesheni.

Baada ya Arles alihamia kwa hiari yake hospitali ya wagonjwa wa akili Saint-Rémy, mwaka mzima mpaka mwezi wa tano 1890, na jengo unaweza kulitembelea, liko hatua chache na Glanum, magofu ya mji wa Warumi. Hiyo unganisha na Les Baux siku ya gari, ni karibu. Les Baux ndipo jina la boksaiti lilipotoka, yale mawe ya kutengenezea aluminiamu, waliyagundua hapo 1821, kwahiyo kila sufuria ya aluminiamu jikoni kwa mama ina undugu na kile kijiji. Mwambie hivyo atakipenda. Kijiji chenyewe kimejaa maduka ya sabuni, panda juu kwenye magofu ya ngome, ndiyo yenyewe.

shangazi_wa_mizigo

Mmesema yote ila hamjasema la saa. Mimi na dada yangu tulikuwa na karatasi ya basi imeandikwa 8h40. Dada yangu mtu mzima ana mazoea yake, akaisoma saa nane na dakika arobaini, tukapika, tukala, tukaoga, tukafika kituoni mchana kweupe jua la kuua. Basi lilishaondoka saa mbili na dakika arobaini asubuhi na linalofuata jioni. Mpaka leo tukigombana namtajia 8h40. Kwahiyo mama asishike ratiba yeye.

Na chakula jamani. Mgahawa wa kijijini unapika saa sita mpaka saa nane mchana, basi. Ukifika saa nane na robo na mama mwenye njaa watakwambia jiko limefungwa huku unaona sufuria inatoa moshi. Usikasirike, ndivyo walivyo. Tembea na mkate na jibini kwenye begi. Jumatatu sehemu nyingi za kula na maduka yamefunga, hiyo siku ndiyo mtembee na chakula chenu.

Masoko ni asubuhi tu, saa saba mchana wanakunja. Uzès Jumamosi ndilo kubwa. L'Isle-sur-la-Sorgue Jumapili, mnaenda kwa treni kutoka Avignon Centre, kuna vitu vya kale vya kila aina, vijiko, taa, milango mizima, na magurudumu ya maji yameota majani kwenye mifereji. Gordes Jumanne, lakini hiyo Jumanne paking huwa vita.

Kipepeo_Mbeba_Mabegi

Sawa nimeandika upya, nimeanzia na kurudi kama Mzee alivyosema. Ijumaa asubuhi jumba la mapapa, mama apumzike hoteli, jioni tunatembea daraja. J'mosi tunatoka mapema Uzès sokoni halafu Pont du Gard wakati wa kurudi, basi la mwisho nimeliangalia mara tatu na kile kiherufi chake nimekisoma 😂 J'pili L'Isle-sur-la-Sorgue kwa treni. J'tatu gari: Sénanque, Roussillon, na Gordes tunaiangalia kutoka lile bonde la mbele tu. J'nne gari tena Les Baux na Saint-Rémy, tunarudisha jioni. Arles nimeitoa inaniuma, Nîmes pia, Aigues-Mortes mdogo wangu analia.

Fontaine-de-Vaucluse je, J'pili naweza kuichomeka? Ni kilomita kama saba tu kutoka L'Isle.

Mzee_wa_Reli

Ichomeke kwa taksi ukipata, basi la Jumapili usilitegemee. Ila ujue mwezi wa tisa maji yako chini, ile chemchemi ni shimo refu, mwaka 1985 walishusha mashine ikagusa mita 308, na wakati wa kiangazi maji hayajai mpaka mdomoni, yanatokea chini kwenye mawe. Ni pazuri bado, ila njia ya kupandia ni changarawe na goti la mama liko pale pale. Mimi ningebaki L'Isle, ningemtafutia mama kiti kando ya mfereji.

Halafu Jumanne gari ulirudishe saa ngapi? Angalia ofisi inafunga saa ngapi na usome 19h kama saa moja.

Kipepeo_Mbeba_Mabegi

18h30. Nimeiandika saa kumi na mbili na nusu kwa peni nyekundu na nimeibandika nyuma ya pasipoti.